Mashini Iliyokataa Kuwaka

Maneno haya tuliyasema mbele ya mkutano wa wanachama hapa Rwambuzi, sisi wafanyakazi wa shirika tunaofuatana na chama huku tereni. Komite imeomba yaandikwe katika gazeti letu dogo, ili waliokosa mkutano na marafiki wanaotusaidia kutoka mbali wayasome pia.



Tumepewa nafasi ya kueleza habari ya kompyuta. Tulipokuwa tunaingia, mama mmoja alisema pale mlangoni, "Maneno ya mashini ni ya vijana, sisi tunangojea franka tu." Watu wakacheka, na sisi tukacheka. Lakini mama, habari hii ni yako kuliko ya kijana yeyote. Jina lako limo ndani ya ile mashini. Kotizasio yako ya kila juma imo. Karatasi ya parseli yako imo. Kwa hiyo mashini ilipokataa kuwaka, haikuwa shida ya sekretere peke yake.

Tutasema mambo mawili. La kwanza, namna tulivyoutafuta ugonjwa wa mashini hatua kwa hatua, ili siku nyingine muanze wenyewe bila kutungojea. La pili, mambo tuliyoyaona kati yetu katika zile siku tisa. Hilo la pili ni zito zaidi, lakini haliwezi kueleweka bila la kwanza.

Jumatatu ile

Ilikuwa msimu wa mvua. Mnakumbuka mvua ya usiku wa Jumapili ile. Kura ilikatika, ikarudi, ikakatika tena, ikarudi. Majirani wa nyuma walihesabu mara nne. Asubuhi watu walikuwa wengi barazani, kwa sababu familia moja ilikuwa na matanga, na kwa kanuni za chama ilipaswa kupewa msaada siku ileile. Kabla ya kutoa franka, komite inaangalia kwanza kwenye orodha kama kotizasio ya mfiwa iko sawa. Sekretere akakaa, akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Hakuna taa, hakuna feni, hakuna mlio. Alibonyeza labda mara kumi, na watu wote wanamtazama.

Ndani ya mashini kulikuwa na nini? Kulikuwa na vitabu vitatu, tuseme hivyo. Cha kwanza ni kotizasio na mikopo ya likelemba. Cha pili ni orodha ya familia: nani amerudi, ametoka wapi, ana watoto wangapi. Wamo waliorudi kutoka kambi ya Kyangwali kule Uganda, waliorudi kutoka upande wa Mahagi, na waliotoka kwenye kambi za wakimbizi wa ndani hapahapa Bunia. Cha tatu, na hiki ndicho kilichotutia hofu, ni picha za karatasi za parseli: fishi, barua za shefu wa kartie, na majina ya mashahidi wanaokubali kwamba familia fulani ilikaa mahali fulani kabla ya kukimbia.

Marafiki wa mbali waelewe jambo moja. Huku Ituri kuna watu waliokimbia zaidi ya mara moja. Walikimbia vita vya mwaka 1999 hadi 2003, wakarudi, wakajenga, halafu kuanzia Desemba 2017 vijiji vya Djugu vikawaka tena. Mtu anarudi, anakuta mwingine analala nyumbani kwake, na karatasi zake zilibaki ndani ya moto. Hata hapa mjini, wazee wanakumbuka Mei 2003, maofisi yalivyoporwa na karatasi kutapakaa njiani. Kwa hiyo jirani anapokubali kusema, "Ndiyo, huyu alikaa hapa, mwembe ule alipanda baba yake," na jina lake likaandikwa, hiyo ni mali kubwa. Tena ni kitu cha hatari, kwa sababu kwetu orodha ya majina haiachwi mikononi mwa kila mtu.

Kabla ya saa sita mchana tayari maneno matatu yalikuwa yanatembea. La kwanza: "Batu ya komite banakula franka ya likelemba, njo banazima mashini." La pili: sekretere ameiharibu kwa makusudi, kwa sababu yeye si wa upande wetu. Mnajua "upande" maana yake nini huku kwetu, hatuna haja ya kueleza. La tatu: mashini za msaada zina tarehe ya kufa kama vidonge, wazungu wanazitega hivyo. Hilo la tatu lilituchekesha. La pili halikutuchekesha. Sekretere alirudi nyumbani mapema, na kesho yake hakuja.

Nyumba na taa yake

Siku hiyohiyo kijana mmoja, tena kijana mwema, alisema ana rafiki mjini mwenye atelie. Tumpelekee mashini yote, atairudisha jioni ikiwa safi. Tulimshukuru, tukakataa. Neno "safi" ndilo lililotushtua. Mafundi wengine, wakishaipata mashini iwake, wanafuta diski yote na kuweka Windows mpya, kwa sababu ni njia ya haraka. Mashini inawaka vizuri, mwenyewe anashukuru, analipa, anaibeba. Akifika nyumbani anatafuta vitabu vyake, na havipo. Na hata kama fundi hafuti kitu, majina ya mashahidi wetu yangelala usiku mahali tusipopajua.

Hapa tunaomba msikilize vizuri, maana njo moyo wa habari yote. Ndani ya lile sanduku kuna vitu viwili tofauti. Kuna kinacholeta nguvu, na kuna kinachotunza kumbukumbu. Taa ikizimika nyumbani kwako usiku, sufuria, mikeka na nguo haviibiwi kwa sababu ya giza. Viko palepale. Kompyuta isiyowaka ni nyumba yenye giza. Diski, ile inayotunza vitabu, inaweza kuwa nzima kabisa hata kama kila kitu kingine kimeungua. Kwa hiyo usiseme "vimepotea" kabla hujaangalia, na usikubali mtu ajenge nyumba upya kwa sababu ya taa.

Namna tulivyotafuta

Daktari mzuri haanzi kwa kumpasua mgonjwa. Anauliza, anagusa, anapima, na kila jibu linafunga mlango mmoja. Sisi tulifanya hivyo, tena kila hatua tuliandika ndani ya daftari: tumebadilisha nini, tumeona nini. Kanuni ni moja: badilisha kitu kimoja tu kwa mara moja. Ukibadilisha vitatu pamoja na mashini ikawaka, hujui ni kipi kilikuwa kibovu.

Tulianzia nje, kwenye prizi. Tulichomeka chaja ya simu kwenye prizi ileile. Simu ikapokea. Basi kura ipo. Tukachomeka chaja kwenye ralonji, ikapokea pia. Kisha tukaondoa stabilizatere na ralonji, tukachomeka mashini moja kwa moja ukutani kwa kuipima tu. Kimya. Halafu waya. Waya unaoleta kura kwenye sanduku mara nyingi ni wa namna moja na ule wa ekrani, basi tuliubadilisha na ule ambao tulijua ni mzima, maana taa ya ekrani ilikuwa inawaka. Kimya tena. Milango mitatu imefungwa, na hatujatumia bisibisi wala franka hata moja. Tunawaambia ukweli: tumewahi kuitwa mbali kwa ajili ya mashini "iliyokufa", tukakuta waya umelegea tu kwa nyuma.

Nyuma ya sanduku, pale waya unapoingia, mashini nyingi zina kitufe chenye alama mbili, kijiti na duara. Kijiti maana yake wazi, duara maana yake imefungwa. Mtoto akifagia anaweza kukigusa. Chetu kilikuwa wazi. Karibu yake, mashini za zamani zina kidude chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Huku kwetu kura ni 220, kwa hiyo kinapaswa kuonyesha 230. Mashini iliyotumika Marekani inaweza kuja imewekwa 115. Ukiichomeka hivyo hapa, utasikia mlio mmoja na harufu ya kuungua, basi. Marafiki wanaotutumia mashini za zamani, tunawaomba mkiangalie kile chekundu kabla ya kufunga kartoni.

Baada ya hapo tulisikiliza. Mashini isiyowaka ina namna tatu za kukataa, na kila moja inakupeleka njia yake. Namna ya kwanza ni kimya kabisa: hakuna taa, hakuna feni. Hapo shida iko upande wa nguvu. Namna ya pili, feni inazunguka lakini ekrani ni nyeusi, labda na milio. Hapo nguvu ipo, lakini kitu fulani kwenye ubao mkubwa wa ndani hakijibu. Namna ya tatu, maandishi yanatokea kwenye ekrani, halafu yanasimama. Hapo ndipo unaanza kuuliza habari za diski na Windows. Wengi wanachanganya hizi tatu. Mtu ana mashini ya kimya kabisa, na anauliza kuhusu Windows! Windows haijaamka bado, haina kosa.

Yetu ilikuwa ya kimya kabisa. Sasa ndipo tulifungua.

Diski kwanza

Kabla ya kufungua: chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili kura iliyobaki imalizike, na ugusishe mkono kwenye chuma kitupu cha sanduku ili umeme wa mwili usiharibu vitu vya ndani. Kuna jambo moja zaidi, na vijana walisikie. Ndani ya sanduku kubwa kuna kisanduku cha chuma kinachopokea kura ya ukutani na kuigawa. Mafundi wanakiita alimantasio. Kile msikifungue. Kinaweza kushika kura ya nguvu hata baada ya kuchomolewa, na kinaweza kuua mtu. Alimantasio ikiharibika, inaondolewa nzima na kuwekwa nyingine nzima.

Kitu cha kwanza tulichotoa kilikuwa diski. Ni misumari minne ya kuzungusha na nyaya mbili. Tuliiweka ndani ya bahasha, bahasha ikagundishwa, na watu watatu wakatia sahihi juu ya gundi: mama mweka sanduku, mzee mmoja wa upande mmoja na mzee mmoja wa upande mwingine. Mama mweka sanduku akaenda nayo, akaifungia pamoja na sanduku la likelemba lenye kufuli tatu. Tangu saa ile mashini ilikuwa chuma tu. Hata ingeibiwa, hata ingeanguka motoni, hakuna jina ambalo lingepotea au kutoka nje. Tuliona mabega ya watu yakishuka. Ugonjwa ulikuwa haujajulikana bado, lakini hofu ilikuwa imepungua nusu.

Ndani tulikuta vumbi jekundu la Bunia, lile linaloingia hata kwenye sabuni. Lilikuwa limeziba feni na kulala juu ya kila kitu kama blanketi. Tulikuta pia mende wawili na mjusi aliyekauka. Tulisafisha kwa brashi laini ya rangi, polepole, bila maji. Tukatazama ule ubao mkubwa: una vipipa vidogo vilivyosimama, vichwa vyao vinapaswa kuwa bapa. Vikivimba kama kopo la samaki lililooza, au vikitoka maji ya kahawia, ubao umekwisha. Mashini nyingi zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikufa kwa ugonjwa huo, dunia nzima, kwa sababu vile vipipa vilitengenezwa vibaya. Vya kwetu vilikuwa bapa. Mlango mwingine ukafungwa.

Halafu alimantasio yenyewe. Kuna namna ya kuipima nje ya mashini: unachomoa nyaya zake zote kwenye ubao, unaiachia kitu kimoja kidogo cha kulisha, kama kile chombo cha zamani cha kusomea sidi, na kwenye ile fisha kubwa unaunganisha waya wa kijani na waya mweusi kwa kibanio cha karatasi. Unafanya hivyo kabla ya kuchomeka ukutani, siyo baada. Kama ni nzima, feni yake inazunguka. Hii afanye yule tu aliyeonyeshwa na mtu anayejua. Tumewafundisha vijana wawili mbele ya komite. Tena feni ikizunguka si ushahidi kamili, unahitaji multimeta kuona kama inatoa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Lakini isipozunguka, jibu ni wazi.

Haikuzunguka.

Kumbe ugonjwa ni huo: kura iliyokatika na kurudi kwa nguvu mara nne. Usiku uleule jirani mmoja alipoteza friza na mwingine redio. Je, wao nao walikuwa wamekula franka ya likelemba?

Ugonjwa wa pili na wa tatu

Tulipata alimantasio ya zamani mjini, imetolewa kwenye mashini nyingine iliyokufa kwa sababu tofauti. Bei yake haikufika bei ya mfuko wa mchele wa kilo 25. Kwanza tuliipima kwa kibanio, ikazunguka, tukaipima na multimeta, namba zikawa nzuri. Tukaifunga. Tukabonyeza. Feni ikapiga kelele, taa ikawaka, watoto dirishani wakapiga makofi.

Ekrani ikabaki nyeusi. Mashini ikaanza kulia: piii, piii, piii.

Watu wengi wanakata tamaa hapo. Wanasema mashini ina laana. Lakini kumbukeni zile namna tatu: tumetoka kwenye ya kwanza, tumeingia ya pili. Huo ni mwendo wa mbele. Ile milio ni lugha, na kila kampuni ya mashini ina lugha yake. Namna ya kuisoma imeandikwa kwenye kitabu cha mashini. Yetu ilikuwa inalilia rami, ile kumbukumbu ya muda mfupi ambayo mashini inashikia kazi ya saa hiyo. Ni vipande virefu vyembamba vyenye meno ya rangi ya dhahabu. Tulichomoa waya, tukatoa vipande vyote viwili, tukasugua meno yao taratibu kwa gomu ya kufutia penseli, tukapangusa. Tukarudisha kimoja tu. Kulia tena. Tukakitoa, tukaweka cha pili mahali palepale. Kimya, halafu maandishi meupe kwenye ekrani nyeusi. Kipande kimoja ni kizima, kingine kibovu. Mashini itakwenda polepole, lakini itakwenda.

Maandishi yale yalisema nini? Kwamba saa imepotea. Mashini ilidhani tuko Januari 2009. Kwenye ubao kuna betri ndogo ya duara kama sarafu, yenye volti 3, imeandikwa CR2032. Kazi yake ni kushika saa na mipango ya mwanzo wakati mashini imezimwa. Baada ya miaka kadhaa inakwisha. Inapatikana madukani yanapouzwa mabetri ya saa na ya kalkuleta. Mtu angeweza kusema ni jambo dogo, abonyeze F1 na kuendelea na kazi. Lakini fikirini: sekretere anatoa risiti ya likelemba, na juu yake imeandikwa 2009. Mama anaipeleka nyumbani, mtoto anayejua kusoma anaitazama. Hapo neno la nne lingezaliwa. Tukanunua betri.

Bahasha

Siku ya tisa komite yote ilikaa. Bahasha ikaletwa. Wale watatu wakaangalia sahihi zao, kila mmoja akasema, "Ni yangu, haijaguswa." Hatukuirudisha diski kwenye mashini moja kwa moja, kwa sababu mashini iliyotoka kuugua hatuiamini bado. Kwanza tuliiunganisha na kompyuta ya kubeba kwa waya maalumu, tukanakili vitabu vyote vitatu mbele ya macho ya wote. Vilikuwa vizima. Ndipo diski ikarudi mahali pake, na mashini ikawaka mpaka mwisho.

Halafu mama mweka sanduku alifungua daftari lake la mkono na kuanza kusoma majina, na sekretere akawa anajibu kutoka kwenye ekrani. Tulikwenda jina kwa jina. Kila kitu kililingana isipokuwa juma moja, ambalo lilikuwa kwenye daftari lakini halikuwa kwenye mashini. Ni juma lile sekretere alikuwa na malaria. Hakuna franka iliyokosekana, ni maandishi tu yalikosekana, na daftari liliyaokoa.

Sasa tuseme lile la pili tulilowaahidi. Sekretere alikubali kurudi siku ile kwa sababu papa prezida alimfuata nyumbani mara mbili. Kwa siku nane watu walipita mbele ya mlango wake bila kusalimu. Mke wake aliambiwa neno kisimani ambalo hatutalirudia hapa. Majina yalipokwisha kusomwa, mama mmoja alisimama bila kuombwa. Alisema, "Njo mimi nilisema kama uliharibu kwa makusudi. Sikuona kitu. Nilisikia, nikasema. Unisamehe." Kijana hakujibu mara moja. Mwishoni alisema, "Mama, ingekuwa mwaka ule, hiyo neno ingeniua." Hakuna aliyeongeza kitu, na hatutaongeza.

Tunasema tu hivi: Jumatatu ile, kuchomeka chaja kwenye prizi kungechukua dakika moja. Kutafuta mtu wa kulaumu kulichukua asubuhi nzima, na kulituacha mbali zaidi na jibu. Kitu kikikwama ndani ya chama, mashini au franka au karatasi, tuanze kwa kupima. Tuandike tulichoona kwa macho. Jina la mtu liwe la mwisho kutajwa, siyo la kwanza.

Kosa letu

Na sisi wa shirika tuna deni. Tuliwaletea mashini, tukamfundisha sekretere kuandika, kuhesabu na kutoa risiti. Hatukumfundisha kunakili. Ile flashi tuliyomwachia, tulipoifungua tulikuta nakala ya miezi saba nyuma. Hilo si kosa lake, ni letu. Tena tuliweka majina ya mashahidi kwenye mashini isiyo na neno la siri, kwenye chumba ambacho dirisha lake halifungi vizuri. Tulikuwa tunawafundisha wengine kulinda watu, na sisi tulisahau kwamba watu ndio walioandikwa mle ndani. Tunaomba radhi mbele yenu.

Tumekubaliana na komite mambo haya, na yameanza tayari:

Kila Jumamosi, likelemba ikimalizika, vitabu vinanakiliwa kwenye flashi mbili. Moja inakaa ndani ya sanduku la kufuli tatu, nyingine inatoka nje ya Rwambuzi, mahali panapojulikana na watu watatu tu. Kila mwezi flashi inafunguliwa kuhakikisha kama inasomeka, maana nakala ambayo haijafunguliwa ni ahadi tu.

Daftari la mkono halitaachwa. Kalamu haingojei kura.

Karatasi za parseli na majina ya mashahidi yamewekewa neno la siri, na hayabaki tena pamoja na kitabu cha likelemba.

Jioni, na kila mara mvua ikianza kunguruma, mashini inazimwa na waya unachomolewa ukutani. Kuzima kitufe tu hakutoshi.

Fundi akihitajika, diski inatolewa kwanza. Hakuna fundi, hata kama ni ndugu, atakayebeba mashini yenye diski ndani.

Neno kwa marafiki wa mbali

Mmetuuliza kwenye barua kama mtume kompyuta nyingine za mezani za zamani. Tunawashukuru kwa moyo. Jibu letu ni hili. Kompyuta ya kubeba inakula kura kidogo zaidi na ina betri yake yenyewe, kwa hiyo kura ikikatika haianguki ghafla. Kwa chumba chenye sola ndogo ndiyo inayofaa. Lakini hii ya mezani hatuitupi. Inafunguka, sehemu zake zinabadilishwa moja moja kwa bei ndogo, na vijana wetu sasa wanajua kuifungua. Kama mnataka kusaidia mwaka huu, kabla ya mashini mpya tunaomba vitu vidogo: stabilizatere nzuri, flashi nne, ule waya wa kusomea diski kutoka nje, multimeta moja, na vipande vya rami vya aina iliyoandikwa kwenye karatasi ya komite. Kwa vitu hivyo chama kitajitegemea zaidi kuliko kwa mashini tano.

Wanachama, familia iliyofiwa ilipata msaada wake siku ileile ya Jumatatu. Wengi hamkujua. Mama mweka sanduku alifungua daftari, akaona jina, akahesabu franka. Aliyekuwa na haki hakulala bila haki yake kwa sababu ya mashini.

Vijana wawili wanabaki hapa baada ya mkutano, na sanduku liko wazi mezani. Kila anayetaka kuona alimantasio iko wapi na diski iko wapi, aje aone, wamama kwanza. Waya umechomolewa.